Kompyuta haijafa, waya ndio si wake

Ndugu Mhariri,

Hapa Dodoma kompyuta nyingi za zamani zinatupwa stoo kwa sababu tu skrini mpya ina tundu la HDMI, la picha na sauti, na mashine ina VGA, tundu la picha la zamani. Kosa huanzia dukani. Ule waya mtupu wenye VGA huku na HDMI kule hauonyeshi kitu: VGA hutoa mawimbi ya analojia, HDMI hupokea ya dijitali. Nunua kigeuzi chenye saketi ndani, kinachovuta volti 5 kwenye USB, kilichoandikwa VGA kwenda HDMI. Cha HDMI kwenda VGA hakigeuki, muuzaji aape asiape. Na kwa kuwa VGA haibebi sauti, chomeka pia kijiwaya cha sauti cha milimita 3.5, kutoka kompyuta hadi kwenye kigeuzi.

Skrini ikilalamika mawimbi yamezidi kiwango, rudisha skrini ya zamani, weka ukubwa wa picha 1024 kwa 768 na kasi ya hezi 60, ndipo uhamie skrini mpya. Mashine yenye DVI ya dijitali, tundu jingine la picha, haihitaji kigeuzi. Waya wa DVI kwenda HDMI unatosha.

Kibodi ya PS/2, ile ya plagi ya duara, ichomekwe mashine ikiwa imezimwa. Saa ya kompyuta ikipotea kila asubuhi, badilisha betri ya CR2032, ile ndogo ya duara iliyo ndani ya mashine.

Fundi kompyuta,
Dodoma