Risala ya Kikundi cha Historia ya Kijiji cha Kageye kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kijiji, walimu, wazee wetu, ndugu wananchi,

Karibu Kageye. Sisi ni vijana na wazee tuliojipa kazi ya kuandika habari za kijiji hiki kabla wenye kuzijua hawajatutoka. Leo tunakukabidhi daftari letu la kwanza. Swali lililotusumbua zaidi tulipoliandika ni hili: sisi ni wangapi?

Mheshimiwa, msafiri wa Kizungu Henry Morton Stanley alifika hapa tarehe 27 Februari 1875, akiwa ametoka Bagamoyo Novemba iliyotangulia. Aliandika kwamba Kageye ilikuwa na nyumba za msonge 20 au 30, zimekaa kama duara ndani ya ua wa miiba, na mkuu wake aliitwa Kaduma. Aprili mwaka huohuo mwenzake, Frederick Barker, alifia hapahapa wakati Stanley yuko majini akilizunguka Ziwa Viktoria kwa mashua yake, Lady Alice. Wageni wanaokuja huuliza habari za hao wawili. Waliokuwa wakilala ndani ya zile nyumba za msonge hakuna anayewauliza, na hao ndio babu zetu.

Leo mkoa wetu umejaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,772,509 katika Mkoa wa Mwanza. Ya 2022 ikahesabu 3,699,872. Ni ongezeko la zaidi ya laki tisa kwa miaka kumi, na pwani hii ya Ghuba ya Speke inalijua ongezeko hilo kwa macho: mashamba ya mihogo yamegawanywa hadi yamekuwa vipande.

Lakini Mheshimiwa, sensa humhesabu mtu alipolala. Usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 mwezi ulikuwa umebakiza siku chache kwisha, ukichomoza karibu na alfajiri. Kwa mtu wa mjini hilo si neno. Kwa mvuvi wa dagaa, hilo ndilo giza lenyewe, taa zinawaka majini na vijana wako makambini visiwani. Ingefanyika wakati wa mbalamwezi, wangekuwa nyumbani wakishona nyavu. Hatuilaumu sensa, waliolala kisiwani walipaswa kuhesabiwa kisiwani, na taifa halikupoteza mtu. Tatizo linakuja pale idadi ya usiku mmoja inapotumika kupanga dawa na vyandarua vya kijiji ambacho watu wake huenda na kurudi kwa kufuata mwezi. Mvuvi akiugua malaria kambini, huletwa kwa mama yake.

Kwa hiyo tunaleta ombi moja, ingawa tulishauriwa tulete kumi. Tunaomba daftari la wakazi la kijiji lipewe nguvu: wenyeviti wa vitongoji wawezeshwe kulipitia nyumba kwa nyumba mara mbili kwa mwaka, mara moja wakati wa giza na mara moja wakati wa mbalamwezi, na wapangaji wa wilaya walisome pamoja na takwimu za sensa. Kikundi chetu kiko tayari kusaidia kuandika. Kalamu tunazo, na vijana wanaozijua njia zote hadi mwaloni, mitumbwi inapotua, tunao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, daftari ni hili hapa. Tunaomba kuwasilisha.