Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: magari tunayo, madereva wenye beji ndio haba

Wazee wangu, kina mama wenye magari, na ndugu zangu madereva: assalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Katiba ya chama chetu cha teksi hapa Mombasa yanitaka nisome taarifa kila mwisho wa mwaka. Mambo ya kawaida nitayapita mbio kwa kuwa mliyaona kwa macho yenu. Ramadhani tulifuturisha stendi kama desturi. Tulizika wanachama wawili, Mola awarehemu, na rambirambi zilifika nyumbani kwao kabla ya hitima. Magari yalipita ukaguzi isipokuwa matatu, na wenyewe mnajijua. Mistari ya njano imepakwa upya. Watu wa kaunti tulikutana nao kuhusu maegesho ya Moi Avenue, tukanywa chai, tukaandikiana barua, jawabu twalingoja. Choo kimetengenezwa.

Kubwa la mwaka huu ni madereva, na hapo sitakwenda mbio.

Mnaikumbuka siku meli ya watalii ilipotia nanga Kilindini. Wakala alitaka magari kumi na mawili, akanieleza wazi kwamba leseni na beji, yaani kibali cha kubeba abiria, ya kila dereva ataiangalia mwenyewe langoni. Magari kumi na mawili tulikuwa nayo na mengine yakasazika. Madereva wenye beji ambayo haijaisha tulikusanya saba, na mmoja wao tulimtoa kitandani na homa yake. Wageni waliobaki walipanda magari ya watu wengine huku sisi twatazama. Na pale stendi, chini ya mwarubaini, kuna Toyota nyeupe imelala tangu Pasaka. Vumbi limeshiba kwenye kioo cha nyuma hata watoto wa madrasa wameandika kwa kidole alifu, be, te, mpaka wakafika jimu. Fundi ameikagua, injini nzima, betri ndiyo imekufa kwa kukaa. Mwenyewe ni mama mjane, na kila jioni hunipigia simu kuniuliza kama dereva amepatikana.

Sababu zake mnazijua. Wazee waliotufunza kazi hii, waliokuwa wakipanga foleni kwenye stesheni ya zamani mwisho wa Haile Selassie, macho yamechoka na daktari hawapitishi tena. Tangu 2017 treni yashusha watu Miritini, na ile ya usiku huingia kabla ya alfajiri, saa ambazo mzee hataki kuwa barabarani. Kazi yenyewe imerefuka: barabara ya Dongo Kundu imeunganishwa na pwani ya kusini, abiria wa Diani akishuka Miritini hana haja ya kungoja feri ya Likoni, lakini anataka dereva wa kwenda masafa na kurudi. Vijana wenye leseni nzuri wamekwenda Qatar, Saudia na Dubai kuendesha magari ya Waarabu. Na Uber ilipoingia Mombasa 2016 kuna waliocheka hapa hapa wakisema haitavuka daraja la Nyali. Leo kijana akishapata beji jambo la kwanza ni kufungua apu ya teksi kwenye simu.

Beji nayo haiokotwi. Kijana wa tuktuk ana leseni ya daraja A3, na teksi yataka B3. Basi arudi shule ya udereva, afanye mtihani, aombe cheti cha tabia njema kwenye eCitizen, mtandao wa serikali, apeleke alama za vidole, apimwe na daktari, ndipo NTSA, mamlaka ya usafiri, wampe beji, na beji yenyewe ina mwisho wake, yataka kufanywa upya. Siku zote hizo za foleni hapati kitu, na mwenye tuktuk hamngoji, humpa deiwaka, dereva wa kutwa.

Kwa wenye magari wenzangu nina neno, mniwie radhi. Kanuni za 2022 zinazikataza kampuni za apu kukata zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Sisi twataka dereva atuletee hesabu ile ile kila jioni, mvua inyeshe, meli isije, gari likae gereji nusu siku. Nililisema hili mwezi wa Machi, wakanuna watu. Nalisema tena.

Sasa nije kwenye fedha za paa, maana najua ndizo zilizowaleta wengi wenu leo.

Ni kweli tulichanga ili tujenge paa la stendi. Ni kweli paa halijajengwa. Na ni kweli kamati, chini ya uenyekiti wangu, ilizichukua fedha hizo kuwasomesha vijana wanane wa tuktuk mpaka wakapata B3 na beji, kwa mkataba kwamba kila mmoja ataendesha gari la mwanachama mwaka mzima na kurudisha gharama kidogo kidogo. Kwenye grupu la WhatsApp pakaandikwa kwamba paa letu limepandishwa tuktuk. Nilicheka kama nyinyi. Lakini nauliza: paa lingemfunika nani? Magari yasiyo na dereva? Kivuli cha mwarubaini kinayatosha.

Imesemwa sikuwaita. Mkutano uliitishwa kwa barua, kwa simu, na kwa tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi, ambalo mtu fulani alilitumia kufungia mahamri, nilimwona. Walikuja kumi na wanne. Katiba inasema akidi isipotimia kwa mara ya pili, kamati iamue, na kamati ikaamua, watano kwa wawili. Wale wawili waliokataa nawaheshimu, mmoja yuko hapa mbele. Lakini waliokuwa wamelala nyumbani siku ile hawawezi kuamka leo wakadai walikataa.

Imesemwa pia kwamba wawili katika wale wanane ni jamaa zangu. Mmoja ni mtoto wa jirani yangu Majengo, na Majengo nimezaliwa, basi kila mtu huko ni jirani yangu. Wa pili ameoa kwa binamu ya mke wangu, na habari hiyo niliipata arusini kama nyinyi, baada ya beji kutoka. Aliyewachagua ni katibu, kwa kuangalia leseni zao na kuuliza trafiki wa Makupa kama wana kesi. Mimi nilichofanya ni kuwapeleka Huduma Centre, kwa gari langu, kwa petroli yangu, na sijakiandikia chama risiti hata moja. Sisemi kwa kujisifu.

Matokeo ni haya. Watano wako kwenye magari yetu mpaka leo, na mmoja wao ndiye anayepokea treni ya usiku ambayo hakuna mzee aliyeitaka. Wawili wamehamia kwenye apu kabla ya mkataba kwisha, na barua za kuwadai zimekwenda. Mmoja amesafiri Saudia. Alinipigia kutoka uwanja wa ndege wa Moi akiwa tayari ndani, akaniomba dua. Nikamwombea, nifanyeje? Mdhamini wake ni mwanachama, na mwanachama huyo atalipa. Kuna wanaosema hiyo ni hasara. Mimi nahesabu magari matano yanayoleta hesabu nyumbani kwenu, likiwemo la ndugu aliyepiga kelele kuliko wote.

Hesabu za chama kwa ufupi, mweka hazina anazo kwa urefu: magari yaliyosajiliwa 41, madereva wenye beji hai 27 pamoja na hao watano, ada zilizoingia shilingi 214,000, zilizopaswa kuingia 369,000, rambirambi 60,000, vijana wa tuktuk 186,000, wamesharudisha 52,500, iliyobaki benki mtaiona kwenye karatasi.

Tofauti ya ada mmeisikia. Kuna mwanachama hajalipa tangu kabla ya Idi ya mwaka jana, naye ndiye wa kwanza kuuliza paa liko wapi. Mwengine huleta mia mbili na hadithi ya elfu mbili. Na mahudhurio sitaki hata kuyasema. Kitabu kinaonyesha mikutano ambayo waliokuja ni mimi, katibu, na muuza kahawa, ambaye alitia sahihi kwa adabu tu. Kisha jambo likiamuliwa simu yangu haipoi mpaka usiku wa manane. Mkono mtupu haulambwi, na chama ni hivyo hivyo.

Kwa mwaka ujao twatarajia, inshallah, kuwaongeza vijana wengine, fedha zikirudi. Twatarajia kuzungumza na wenye shule za udereva watupunguzie bei. Lipo pia wazo la kuwapata kina dada, kwa kuwa abiria wa kike hutuuliza kila siku, na kamati italitazama. Apu yetu wenyewe imetajwa, na kijana mmoja amesema anaweza kuitengeneza, tutamsikiliza. Paa litajengwa, sijasema lini.

Vitabu viko kwa mweka hazina. Anayetaka kuvikagua amkute stendi baada ya Alasiri, siku yoyote ila Ijumaa, na aje na risiti yake ya ada.

Mwenyekiti