Barua kwa vijana wetu mnaosubiri ajira

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia ninyi mliomaliza vyuo mkarudi nyumbani na vyeti vyenu, na sasa kila tangazo la Sekretarieti ya Ajira likitoka mnatafuta majina yenu tangu juu hadi chini. Wengine mnajitolea kufundisha shule za kata. Wengine mmeshika bodaboda. Wapo pia walioacha kuja ibadani kwa sababu wamechoka kuulizwa, "Vipi, umeshapata kazi?" Wazee wenzangu, swali hilo tuliache.

Sitawaambia kwamba hata sisi tulipitia hayo. Hatukupitia. Sisi walimu wa zamani tulimaliza chuo tukapangiwa vituo. Hofu yetu ilikuwa tu ni wilaya gani. Mtihani wenu ni mgeni kwetu, na ndiyo maana ushauri wetu mwingi hauwafikii.

Ila kuna jambo moja ninalo. Nawaona wengi mmeweka Yeremia 29:11 kwenye simu zenu, yale mawazo ya amani. Ni neno la kweli, lishikeni. Lakini someni barua yote, maana ile sura ni barua, Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka Yerusalemu kwenda Babeli. Mstari wa 10, mmoja tu kabla ya huo mnaoupenda, unataja miaka 70. Wengi walioisikia ikisomwa walijua watazikwa ugenini. Na agizo lenyewe liko juu zaidi, mstari wa 5 mpaka wa 7: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni na mwolewe, uombeeni amani mji ule. Mungu hakuwaambia wakae wamefunga mizigo.

Sura ya nyuma yake yupo nabii Hanania, aliyesimama hekaluni akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Yeremia alimjibu, "Amina." Hata yeye alitamani iwe hivyo! Lakini haikuwa. Wanangu, akina Hanania bado wapo. Wanawauzia mafuta ya upako, wanawapa tarehe ya muujiza, wanawaambia mtoe sadaka ya kujimaliza ndipo mlango wa ajira ufunguke. Binti anauza simu anayotumia kutuma maombi ya kazi, apeleke fedha madhabahuni. Hili linanikasirisha, na sitalinyamazia. Anayekupangia tarehe ambayo Mungu hakuisema anakuibia mara mbili, fedha yako leo na imani yako kesho tarehe ikipita.

Kumtumaini Mungu si kujua lini. Ni kufanya lililo mbele yako leo huku "lini" akiwa nayo Yeye. Anayefundisha tuisheni, aandae somo kama anayekaguliwa. Mwenye bodaboda aweke akiba, avae kofia ngumu, asione aibu. Paulo alishona mahema. Mwenye mchumba asiseme ndoa ingoje barua ya ajira. Kaeni na wazazi mpange kinachowezekana. Na nafasi zikitangazwa, tumeni maombi tena, bila kumpa mtu hongo.

Najua mtauliza, na tukifanya yote hayo na bado hatuelewi? Someni sura ya 32. Wababeli wameuzingira mji, Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanda wa walinzi, na Mungu anamwambia anunue shamba la Anathothi kutoka kwa binamu yake. Akanunua kwa shekeli 17 za fedha, hati ikaandikwa, mashahidi wakatia sahihi, ikawekwa katika chombo cha udongo. Kisha, baada ya kulipa, ndipo akaomba, na ukiisikiliza sala ile ni ya mtu aliyechanganyikiwa: Bwana, tazama maboma ya adui, mji unaanguka, nawe umeniambia ninunue shamba! Alitii kwanza, mshangao wake akaupeleka kwa Mungu huyohuyo. Mungu hakumkemea. Alimjibu. Kwa hiyo msiogope kumwambia Mungu kwamba hamwelewi. Mwambieni kwa sauti, na machozi kama yapo.

Na wewe uliyefika mahali unaona afadhali usingezaliwa, ujue Yeremia alilisema hilo waziwazi, sura ya 20, na Mungu hakumtupa. Ila neno hilo usibaki nalo peke yako chumbani. Njoo kwangu, au nenda kwa mama mchungaji, hata usiku. Hatutakuhubiria. Tutakaa na wewe, na tukiona inafaa tutakusindikiza hospitali pia.

Mzee wenu wa usharika,
mwalimu mstaafu