Mwanaidi, usimpe pesa bado

Khon Kaen, Thailand, Alhamisi usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, joto tu ndilo linalonimaliza. Mama mguu umepoa? Nisamehe kwa kunyamaza tangu Idi. Leo nimeusikiliza mara tatu ujumbe wako wa sauti, wa ajenti anayekuahidi kazi ya kufundisha Kiingereza huku Thailand, usingizi ukaniruka, nikaona nikuandikie yote kuliko kukujibu vipande vipande.

Kwanza kabisa: huyo ajenti usimpe hata shilingi. Sh180,000 za nini? Anakwambia uje kwa viza ya utalii, ukifika utabadilishiwa. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, nikaja. Nilifundisha wiki saba bila kibali. Siku maafisa wa kazi walipokuja shuleni, mkuu alinishika mkono akanipitisha mlango wa jikoni. Nilikaa saa mbili nyuma ya magunia ya mchele, kalamu ya ubaoni bado mkononi, nawasikia watoto wangu wa darasa la tatu wakiimba siku za wiki, Jumatano wakiikosea, na hakuna wa kuwasahihisha. Mwanaidi, mimi ni mwalimu. Sikusomea kujificha.

Ukikamatwa, faini ni kati ya baht 5,000 na 50,000, kisha unarudishwa kwenu. Mwishowe nilipanda basi hadi Vientiane, Laos, nikaombe viza ya kazi upya, nauli yangu, malazi yangu.

Njia yenyewe ni hii. Shule inayokutaka inakutumia barua na karatasi zake, nawe unaomba viza ya aina ya B ungali nyumbani. Sisi Wakenya tuko chini ya ubalozi wao wa Nairobi. Ukiingia nayo unapewa siku 90, na ndani ya siku hizo shule inakushughulikia kibali cha kazi na ruhusa ya Baraza la Walimu, wao wanaliita Khurusapha. Kibali changu ni kijitabu cha buluu. Kimeandikwa mwajiri na mahali pa kazi, kwa hiyo ukihama shule hivi hivi, hakikusaidii. Nimekifunga kwenye nailoni, kiko chini ya leso zangu.

Sasa digrii. P1 yako, cheti cha ualimu wa shule ya msingi, nyumbani ina heshima yake, lakini shule za huku zinataka digrii. Hicho cheti cha kufundisha Kiingereza cha saa 120 anachokuuzia ajenti ni nyongeza tu, hakizibi pengo la digrii. Na digrii si unayo! Umeisoma likizo za Aprili, Agosti na Desemba, Saumu yuko mgongoni, mimi nilikuona. Kilichobaki ni karo, cheti kimelala chuoni. Basi hizo pesa peleka huko. Ajenti akikwambia atakutengenezea cheti kingine, kata simu. Shule zinaandikia vyuo kuuliza.

Kingine kitakuuma kama kilivyoniuma mimi. Tumefundishwa kwa Kiingereza tangu tuko wadogo, lakini Mkenya hahesabiwi mwenye lugha. Wa Afrika Kusini anahesabiwa. Kwa hiyo utafanya mtihani wa Kiingereza, TOEIC, na alama wanazotaka ni 600. Nililia, kisha nikaufanya. Wewe utaupita. Korea Kusini uliyoitaja usiiwazie: viza yao ya walimu wa Kiingereza ni ya raia wa nchi saba tu, na kutoka Afrika ni hao hao wa Afrika Kusini. Cheti cha tabia njema anza sasa, na chanjo ya homa ya manjano usiisahau, uwanja wa ndege wanaiuliza.

Narudi kwa ajenti, maana ndiye aliyeninyima usingizi. Unawakumbuka vijana wetu walioahidiwa kazi Thailand, wakapelekwa Mae Sot, wakavushwa mto Moei mpaka Myanmar, wakafungiwa huko kutapeli watu kwenye intaneti? Nao walikuwa na ajenti, na tiketi, na mtu wa kuwapokea Bangkok. Nimeusikiliza ujumbe wako mara tatu, jina la shule sijalisikia hata mara moja.

Shule inaitwaje? Iko mji gani? Umeongea na mtu wa shuleni mwenyewe au ni ajenti tu kila siku? Mkataba umeuona? Barua ya kuacha kazi TSC, tume iliyokuajiri ualimu, hujaipeleka, niambie hujaipeleka! Chuoni unadaiwa ngapi hasa? Baba Saumu anasemaje? Na Kadzo, alijifungua salama?

Nipe jina la shule tu. Jumamosi sina kipindi, ikiwa iko mkoa huu nitakwenda mwenyewe mpaka getini niulize. Mengine tutayaongea baadaye.

Wako,
Riziki