Mhariri, hilo tangazo la "kompyuta ya gemu Core i7" halituambii kitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Kila nikifungua kurasa za matangazo madogo naona maneno yale yale, inauzwa kompyuta ya gemu, Core i7, RAM 16 (GB 16 za memori ya kazi), ina taa, basi, imeishia hapo. Juzi kati rafiki yangu nusura atoe akiba yake yote kwa moja ya hizo na ndo maana naandika, manake nilimwambia kaka subiri kwanza tukaione kwa macho.

Tulipofika nikaomba kufungua ubavu wa kesi, muuzaji hakutaka ila mwisho akakubali. Ndani nikakuta i7-2600, prosesa (ubongo wa kompyuta) iliyotoka mwaka 2011. Ni i7 kweli, tangazo halijasema uongo, ila jina la Core i7 lipo tangu 2008 na linarudi kizazi baada ya kizazi, kinachokwambia umri ni ile namba ya mbele yake. Hiyo 2600 ina kori 4 (sehemu zinazofanya kazi) na thredi 8 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), na Core i3-12100 ya mwaka 2022 nayo ina kori 4 na thredi 8, ila i3 hiyo inaiacha i7 hiyo mbali sana. Tena i7-2600 haimo kabisa kwenye orodha ya prosesa ambazo Windows 11 inazikubali rasmi, na Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, sasa mtu anauziwa mashine ambayo haina pa kwenda. Pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani, haina hata jina la kampuni, stika imeandikwa wati 600 na ukiinyanyua nyepesi kama kopo tupu. Ila feni zote zinawaka taa, hapo hawakubania.

Tukaondoka, nikamwambia tutaiunda wenyewe.

Swali la kwanza nililomuuliza ni unacheza nini na kioo chako ni cha aina gani, na naona watu wengi wanaliruka hili wanakimbilia kuuliza bei. Yeye anacheza gemu za mpira na GTA V ambayo ilitoka kwenye kompyuta mwaka 2015, na monita yake ni 1080p ya 60Hz. Mtu wa hivyo hahitaji kadi ya grafiki (inayochora picha) ya 4K, ukali mkubwa kuliko huo wa 1080p, hata ukimpa hataona tofauti kwa sababu kioo chenyewe kinaonyesha picha 60 tu kwa sekunde.

Kwa hiyo kadi tukachukua RX 6600 ya mtumba, ina memori ya GB 8 na inakula wati kama 132. Kuna mtu alikuwa anamshawishi achukue RX 6500 XT kwa kuwa ni nafuu zaidi na namba hazijapishana sana, nikakataa kabisa. Ile ina GB 4 tu, halafu inaongea na mazabodi (ubao mkuu unaounganisha kila kitu) kwa njia 4 za PCIe (njia za kupitisha data) badala ya 8 kama hii ya kwetu, na ukiiweka kwenye mazabodi ya zamani yenye PCIe 3 njia zenyewe zinakuwa nyembamba nusu, gemu zinaanza kustaki memori ikijaa. Kuhusu kadi zilizochimba sarafu za mtandaoni, zilimwagika sokoni baada ya Ethereum, moja ya sarafu hizo, kuacha uchimbaji Septemba 2022, na mimi sizikatai, ila lazima uiwashe mbele ya muuzaji, uipige gemu nzito nusu saa, usikilize feni na uangalie joto linaishia wapi. Asiyekubali kuiwasha mwachie kadi yake.

Prosesa ni Ryzen 5 5600, kori 6, thredi 12, na hapa ndo tulihenyeka. Mazabodi tulipata ya mtumba, B450, chipuseti (chipu kuu ya mazabodi) ya mwaka 2018, wakati prosesa imetoka 2022. Tumefunga kila kitu, tumebonyeza, feni zinazunguka, kioo cheusi. Nikatoa ramu nikarudisha, nikatoa kadi nikarudisha, nikakagua kila waya, masaa mawili yakaisha na rafiki yangu amekaa kimya tu ananiangalia, na kwa kweli unapounda kitu kwa hela ya mwenzio ukimya ule unauma. Kumbe BIOS, programu ya kwanza inayowasha mazabodi, ilikuwa ya zamani haiitambui prosesa. Bahati mazabodi ile ina kitufe cha kuapdeti BIOS kwa flashi hata kama prosesa haifanyi kazi, tukashusha faili kutoka kwa watengenezaji wenyewe, flashi tukaifomati FAT32, tukasubiri dakika kadhaa, ikawaka. Si kila B450 ina kitufe hicho, kwa hiyo ukinunua ya mtumba mwambie muuzaji akuonyeshe toleo la BIOS kabla hujalipa.

Alipoihamishia kwake akanipigia, kioo cheusi tena. Safari hii waya wa monita aliuchomeka kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi, na 5600 haina grafiki za ndani, zenye grafiki kwenye familia ile ni za herufi G kama 5600G. Ni kosa dogo ila mtu anaweza kurudisha mashine nzima akidhani imekufa.

Ramu tukaweka vijiti viwili vya GB 8 ili zifanye kazi kwa njia mbili, na ukishafunga usisahau kuingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kuiendesha ramu kwa kasi yake kamili), la sivyo ramu ya 3200 inaweza kukaa inatembea 2133 au 2400 miaka yote na mwenyewe hujui. Diski ni SSD, ile ya kasi isiyozunguka, hapo sina la kuongeza.

Tulipobishana sana ni pawa saplai. Yeye alitaka ya bei ya chini ili inayobaki anunue feni za taa, mimi nikasema hapana, hii inanunuliwa mpya, ya kampuni inayojulikana, wati 550, yenye waranti. Prosesa na kadi kwa pamoja zinakula kama wati 200 tu kwa hiyo shida si ukubwa wa namba kwenye stika, shida ni kilichomo ndani. Hata nembo ya 80 Plus inakwambia tu umeme kiasi gani unapotea kama joto, haikwambii ulinzi ukoje. Pawa saplai mbovu ikiungua inaweza kuondoka na mazabodi na kadi, na mimi siwezi kumfungia rafiki yangu kitu kama hicho halafu nikalala. Akakubali, taa atanunua siku nyingine.

Sasa ombi langu kwenu Mhariri. Anayeleta tangazo la kompyuta mtakeni aandike namba kamili ya prosesa, jina la kadi na memori yake, ramu ina vijiti vingapi, na pawa saplai ni ya kampuni gani. Najua mtasema nafasi ni ndogo na tangazo linalipiwa kwa neno, ila kuandika 2600 mbele ya i7 ni tarakimu 4 tu, na kwenye lile tangazo alilotaka kulifuata rafiki yangu maneno "ina taa nzuri sana" yalipata nafasi.

Msomaji wenu.