Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya: mwaka mgumu, tucheke kidogo

Tumsifu Yesu Kristo! Ndugu, jamaa na marafiki, mlioko nyumbani Kilimanjaro, mlioko njiani na mliokosa nauli, nawasalimu nyote kwa upendo wa Noeli. Shangazi zangu, shikamooni. Ndugu zetu Waislamu, salaam aleikum, sikukuu ni yetu sote.

Mwaka umekuwa mzito, na kila mmoja ana lake. Mafuta ya kupikia yamepanda, sukari ndiyo usiseme, na nauli ya kwenda Moshi mwezi huu inamfanya mtu mwenye watoto wanne akae chini apige hesabu upya. Ada za Januari nazo zinatusubiri. Lakini kwetu kuna lililo zito kuliko bei. Desemba hii tunapokwenda kuhesabiwa, tutapungua mmoja. Baba mkubwa, mwalimu wetu wa historia, alitutoka mwezi wa sita.

Mnajua alivyokuwa. Nyama ikishagawanywa na mbege ikishazunguka, anaanza: "Nani ananiambia Mtakatifu Teresa wa Avila alizikwa lini?" Tunakaa kimya. Basi anasimulia, huku anacheka kabla hajafika mwisho. Teresa alifariki Hispania usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582, akazikwa kesho yake, tarehe 15. Papa Gregori wa 13 alikuwa ameagiza siku kumi zifutwe ili kalenda ilingane tena na jua, na usiku ule ndio uliokuwa mpaka. Waingereza waligoma kufuata kalenda ya Papa, wakagoma miaka 170. Walipokubali, watu walilala Jumatano tarehe 2 Septemba 1752 wakaamka Alhamisi tarehe 14. Mwaka uliotangulia ulikuwa na siku 282 tu, kwa sababu mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi, na sheria ikaamua ufungwe Desemba. Baba mkubwa alikuwa akituuliza: aliyekopa kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwaka, mwaka huo alifanyaje?

Aliyoipenda zaidi ni ile ya Australia. Mwaka 1932 wakulima wa ngano wa Campion, magharibi mwa nchi ile, walikuwa na hali mbaya. Wengi wao walikuwa askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza wakapewa mashamba, na sasa bei ya ngano ilikuwa imeanguka dunia nzima. Ndipo wakaingia emu, wale ndege warefu wa jamii ya mbuni, kama 20,000, wakakanyaga mazao na kubomoa uzio. Serikali ikapeleka jeshi. Meja Meredith akaja na bunduki mbili za rasharasha na risasi 10,000. Emu wakatawanyika makundi makundi, kila kundi mbio upande wake. Wakati fulani waliwavizia zaidi ya elfu moja kwenye bwawa, bunduki ikakwama. Walijaribu kuifunga bunduki juu ya lori, lori likashindwa kuwafikia. Mwishowe jeshi likaondoka, emu wakabaki. Sisi ambao tembo wamewahi kupita kwenye mahindi yetu tunacheka, na wakulima wale tunawaonea huruma kabisa.

Ya tatu ni ya Berlin. Ukuta uliogawa mji huo, Mashariki ya Wakomunisti na Magharibi, ulisimama tangu 1961, na watu waliuawa wakijaribu kuuvuka. Jioni ya tarehe 9 Novemba 1989, Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, alipewa karatasi ya taratibu mpya za safari akaisoma mbele ya waandishi. Zilikuwa zianze kutumika kesho yake, tena kwa maombi ya viza, lakini yeye hakuwepo zilipojadiliwa. Akaulizwa zinaanza lini. Akapekua karatasi zake, akajibu: mara moja, bila kuchelewa. Watu wakasikia kwenye televisheni, wakavaa makoti, wakaenda mpakani. Kufikia saa tano na nusu usiku, mkuu wa zamu pale Bornholmer Straße akafungua geti, maana umati ulikuwa umefurika na wakubwa wake hawakuwa na jibu. Baba mkubwa alikuwa akifika hapo anafuta machozi, ya kicheko na ya lile jambo lenyewe.

Lakini kuna moja aliyotukataza kuichekea. Watu hutaniana kuhusu vita fupi kuliko zote duniani, ya Zanzibar, tarehe 27 Agosti 1896, ambayo haikufika hata saa moja. Mizinga ya manowari za Waingereza ilianza saa tatu asubuhi, na upande wa Sultani Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Kila mmoja wao alikuwa na mama. Namuunga mkono hata leo.

Wadogo zangu, nawaomba mchukue hilo. Cheka kiburi cha wenye nguvu, usicheke maiti ya mnyonge. Usimwogope mtu anayekuambia amekwisha kupanga kila kitu, maana Mungu ndiye mpangaji, na serikali zenye bunduki zimeshindwa na ndege. Usikope kwa ajili ya kuonekana sikukuu. Mtoto hakumbuki kiatu, anakumbuka nani alikaa naye akamsimulia. Wazee tulio nao tuwasikilize sasa. Simu tuziweke pembeni. Aliyegombana na ndugu yake kwa ajili ya kihamba, shamba la ukoo, aende akamsalimie kabla ya mkesha.

Fungu la nyama la Baba mkubwa sijui atapewa nani. Mimi naomba lipelekwe kwa Mama mkubwa, na jioni ile tukakae kwake.

Nawatakia Noeli njema na heri ya Mwaka Mpya. Mungu awajalie afya, mvua za wakati na bei zinazoshikika. Mnaosafiri, dereva akikimbiza gari msinyamaze. Karibuni sana nyumbani.