Tunaopita Chalbi kwa baiskeli tubebe maji yetu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kitu kimenikaa rohoni tangu nirudi kutoka kaunti ya Marsabit. Nawaandikia hasa waendesha baiskeli wenzangu wa Nairobi, Nakuru na kwingineko ambao siku hizi wanapanga tripu ya jangwa la Chalbi.

Tulikuwa watu sita na baiskeli za milimani, siku tano, kutoka mji wa Marsabit tupitie Maikona, Kalacha na North Horr mpaka Loiyangalani pale ziwa Turkana. Ile lami ya kwenda Moyale ni tamu, unateremka tu, lakini ukishaiacha kuelekea Maikona unaanza kupigwa na mawe meusi ya volkano mpaka viganja vinakufa ganzi, halafu mawe yakiisha ndio Chalbi yenyewe. Hapo zamani palikuwa ziwa, na ukiangalia mbali unaona sakafu nyeupe safi kabisa unajiambia leo nitaenda mbio. Ukiingia sasa, ganda la chumvi linavunjika chini ya tairi kama chapati iliyokauka na gurudumu linazama. Tulipunguza upepo kwa matairi, ikasaidia kidogo, kwingine tukashuka tukasukuma tu. Mbele unaona maji yanang'aa, ni mazigazi, unafika hakuna kitu.

Kila mtu alikuwa na lita saba na tulidhani zitatosha mpaka jioni. Saa nane mchana zilikuwa zimeisha zote, mwenzetu mmoja ameanza kutapika, na hatukuwa na gari la kutufuata juu tulitaka ile raha ya kujitegemea.

Tukafika kwa kisima cha kijiji kimoja, cha pampu ya sola. Kina mama wa Kigabra walikuwa wamepanga foleni na mitungi yao ya manjano ya lita 20, punda pembeni, na ngamia wanangoja kwa umbali. Mama mmoja mzee alipotuona akawaambia wenzake kwa lugha yao, kisha akatugeukia kwa Kiswahili, "Mgeni kwanza." Wakasogea wote. Tukanywa, tukajimwagia kichwani (naona aibu hata kuandika), tukajaza chupa zote na mifuko yote ya maji, kama lita hamsini hivi. Maji yalikuwa na chumvichumvi lakini hapo ni asali.

Jua likaanza kushuka, na pampu ya sola jua likishuka nayo inapungua. Yalitoka yakiwa membamba kama uzi, halafu yakaanza kudondoka, halafu basi. Nyuma kabisa kwa foleni kulikuwa na msichana, labda miaka kumi na miwili, mtungi wake ulikuwa umefika nusu. Aliuinamisha kidogo akachungulia ndani, akafunga kifuniko na kipande cha nailoni, akaufunga kwa punda na kamba, akaondoka bila kusema neno. Nilimuuliza yule mama nyumbani kwao ni wapi akanionyesha kilima ambacho mimi nilikuwa nimekihesabu kama kazi ya kesho asubuhi.

Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tulikuja mwenyeji akaumia.

Na hawa ni watu ambao misimu mitano mfululizo mvua iliwagomea, tangu mwisho wa 2020 mpaka 2022, mifugo ikaisha mbele ya macho yao. Kule maji yana zamu. Majirani zao Waborana wana mtu kabisa wa kusimamia mpango wa kunywesha mifugo, wanamwita abba herega. Hiyo heshima ya mgeni haimaanishi maji yapo ya kumwaga, inamaanisha mtu ameamua kubaki na kiu ili wewe unywe, na wewe ulikuja kwa hiari yako kutafuta jasho.

Kwa hivyo nawaomba wenzangu, msiende bila gari lenye maji kutoka Marsabit. Hesabuni lita kumi kwa mtu kwa siku na mwongeze. Kutoka North Horr kushuka kusini ndio msidanganyane kabisa, upepo unatoka kusini mashariki unakupiga usoni, na una nguvu zaidi usiku na alfajiri, zile saa ambazo ungetaka kuendesha ili ukwepe jua. Ile mitambo 365 ya umeme wa upepo karibu na Loiyangalani haikuwekwa pale kwa bahati. Sisi kile kipande tulichodhani ni cha siku moja kilitula mbili, na maji ya siku moja hayafiki huko.

Ikitokea dharura ukalazimika kuchota kisimani, ongea kwanza na kamati ya maji ya kijiji, lipa kama mwenyeji anavyolipa, kunywa ya kukutoa hatarini, ya kubeba yangoje foleni iishe. Hata wakikusogezea mbele, kataa kwa adabu ukae nyuma.

Tumepanga kurudi mwezi wa pili. Tayari tumetafuta pikapu ya kubeba matangi mawili, na isipopatikana tutaahirisha.

Mwendesha baiskeli,
Nairobi